Hesabu ya Kijiko

Jumanne, Machi 4

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya madirisha. Kurasa nane za mwanzo zina urefu na upana wa grili za watu. Kuanzia leo ni la Mama, kwa sababu binti wa hospitali ameniambia niandike kila siku, na mimi nikipewa kazi naifanya.

Mama alipata kiharusi miezi miwili iliyopita. Mkono na mguu wa kulia vimelegea, na maneno yamegoma. Anaelewa kila kitu, anacheka panapochekesha, ila mdomo hautoi kitu. Daktari alisema koo ni zima, ulimi ni mzima, maneno yatarudi kwa kufundishwa. Basi wametuletea huyu mtaalamu wa matamshi, binti wa miaka ishirini na sita hivi, kalamu haimtoki mkononi hata anapokunywa chai. Nimempa jina la Kalamu.

Atakuja kila Jumanne, mara nane tu. Ikifika ya nane lazima awe amemsikia Mama akitamka maneno matano, kila moja kwa maana yake. Yasipofika matano, nafasi inakwenda kwa mgonjwa mwingine. Kwenye foleni kuna watu thelathini na mmoja.

Maneno matano kwa wiki nane! Mwanamke huyu alikuwa akimaliza elfu tano kabla ya chai ya asubuhi, na elfu nne kati ya hayo yalikuwa ya kunikosoa mimi.

Machi 5

Kalamu anataka kujua Mama anaombaje vitu. Anaomba kwa kijiko. Anakigonga kwenye chuma cha kitanda, kitanda nilichokichomelea mwenyewe, na mtu anakwenda. Leo amegonga mara 47.

Machi 6

Mvua. Mara 52. Huwezi kuchomelea nje kwenye mvua kama hii, ukifanya hivyo umeme unakuchukua wewe badala ya chuma. Kwa hiyo nipo nyumbani, na nyumbani maana yake ni kijiko.

Machi 8

Kaka amekuja. Ni kinyozi, ana saluni yake upande wa pili wa mji, na huja Jumamosi kama mgeni rasmi. Akaleta machungwa, akamkumbatia Mama, akaniuliza kwa nini shuka lina doa. Dakika arobaini, akaondoka. Shuka nimelifua mimi. Mara 49.

Jumanne, Machi 11

Nina hasira, lakini nitaandika kwa mpangilio.

Kalamu alisoma hesabu zangu, akazisifu, halafu akaniambia kwamba Mama hasemi kwa sababu yangu.

Akaanza na hadithi ya mbwa. Kuna mtu zamani aliyekuwa akipiga kengele kabla ya kumlisha mbwa wake, siku baada ya siku, hadi mbwa akawa anatokwa na mate akisikia kengele tu, chakula hata hakijapikwa. Nikamuuliza kama hospitali imemtuma kuja kumfananisha mama yangu na mbwa. Akasema hapana, dada fundi, mbwa hapa ni wewe.

Hakusema kwa matusi. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Alikuwa amenitazama tangu aingie: kijiko kinagonga, mimi nimeshasimama, hata sijajua kinachotakiwa. Kisha akaeleza upande wa Mama. Kiumbe yeyote hurudia kile kinachomletea faida na huacha kile kisichomletea kitu. Kijiko kinaleta redio, dirisha, mto, sukari. Ulimi haujaleta chochote. Mara hamsini kwa siku, siku sitini, nimemfundisha Mama kwamba kijiko ni bora kuliko ulimi.

Nilipiga hesabu kichwani. Mara elfu tatu. Hakuna shule yenye mwalimu anayerudia somo mara elfu tatu. Na mwalimu huyo ni mimi, ninayemwogesha, ninayemgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, niliyeacha kazi za mageti manne kwa ajili yake. Kaka mwenye machungwa hakuambiwa neno.

Maagizo ni haya. Kikombe cha maji chenye mrija kikae karibu na mkono wake wa kushoto muda wote, hicho hakiguswi. Akitaka haja, au akiwa na maumivu, nimsaidie papo hapo. Vingine vyote, yaani redio, dirisha, sukari, mto, vingoje sauti itoke mdomoni. Hata "a". Sauti ikitoka, kitu kifike kabla sijahesabu mbili. Kijiko kisipate jibu.

Akaniambia nijiandae, kwamba kabla ya kupungua kitazidi.

Machi 12

Mara 68.

Machi 13

Mara 97. Hakuna sauti.

Machi 14

Mara 131. Ananitazama usoni huku anagonga. Nimejua jicho hilo tangu nikiwa na miaka sita. Nilisimama kwenye kona ya chumba, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Nikamwambia, Mama, toa sauti tu, yoyote, nitakufungulia redio. Akagonga. Nikatoka nikaenda kupiga msasa geti lisilohitaji msasa.

Machi 15

Hadi saa sita mchana zilikuwa 31 tu. Nilijua imeanza kushuka. Nikatandika kitanda nikiimba.

Kisha Kaka akaja. Nilimweleza mlangoni, neno kwa neno. Akaitikia, ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Nikaenda jikoni. Niliporudi redio inalia, dirisha liko wazi, na Mama ana uji wenye sukari ya kutosha kutega nyuki.

"Amegonga mara ngapi kabla hujampa?" nikamuuliza.

"Nani anahesabu? Kama ishirini hivi. Nilishindwa kuvumilia, mdogo wangu. Ni mama yangu."

"Na wangu ni nani?"

Akasema mimi nimezoea vyuma.

Machi 16

Mara 140.

Jumanne, Machi 18

Kalamu hakushangaa. Leo ilikuwa zamu ya njiwa. Njiwa anayepewa punje kila akidonoa kitufe, punje zikikoma anaacha mapema, anaona duka limefungwa. Lakini ukimpa punje mara mojamoja, leo baada ya tano, kesho baada ya arobaini, huyo atadonoa hadi mdomo uchubuke, kwa sababu kila akidonoa huenda punje ikatoka. Kaka ni punje ya mara mojamoja. Kwa dakika zake arobaini amekipa kijiko nguvu kuliko mimi kwa miezi miwili.

Nilimpigia simu jioni nikamweleza habari ya njiwa. Akauliza kama ni kweli kuna watu wanalipwa mshahara kuangalia njiwa. Nikakata.

Machi 20

Mvua. Mara 104.

Machi 22

Nilikwenda kufunga grili moja, saa mbili tu, nikamwachia jirani, mama mmoja mstaafu mwenye moyo wa siagi. Amekiri mwenyewe kwamba huwa anampa. "Anagonga kwa huruma," akasema. Sikujua chuma kina huruma. Mara 118.

Jumanne, Machi 25

Ziara ya nne. Maneno: sifuri. Sauti: sifuri. Nusu ya muda imekwisha. Kalamu anasema tuendelee hivihivi, tabia haibomolewi kwa siku moja. Yeye akitoka hapa ana wagonjwa wengine kumi na moja. Mimi nina mmoja.

Machi 26

Naandika kila kitu, na atakayesoma asome.

Saa mbili asubuhi niliondoa kikombe cha maji.

Nilikuwa nimekesha na hesabu zangu. Redio anaweza kuikosa, sukari anaweza kuikosa, dirisha pia. Nikajiambia Kalamu ni mtoto wa vitabu, anaogopa kukaza. Mimi kila nilichonacho nimekipata kwa kukaza. Darasa la saba nilitolewa, nikajifunza kuchomelea kwa kuwatazama wanaume walioniambia niende nikapike. Hakuna aliyenipa kitu kwa kugonga kijiko. Nikaweka kikombe mezani, mahali anapokiona asipokifikia, nikamwambia: sema maji. Si lazima lote. Sema "ma".

Akagonga. Nikaandika: saa mbili, hakuna sauti.

Saa tatu, hakuna sauti. Saa nne, hakuna sauti. Mvua ilikuwa kubwa, bati linapiga kelele kiasi kwamba kijiko nilikiona zaidi ya kukisikia. Saa tano aliacha kugonga. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi, nikaona kijiko kimekufa na sasa mdomo utaanza. Uji wa mchana nilimletea, akafumba midomo. Saa saba, hakuna sauti. Saa nane, hakuna sauti. Alikuwa amegeukia ukuta.

Saa tisa Kaka akaingia amelowa. Mvua imemfukuzia wateja, akaona aje. Alimshika Mama shavu amgeuze. Midomo ilikuwa imepasuka katikati. Ulimi umeganda kama kitambaa kilichoanikwa.

Hakupiga kelele. Kwa kweli nilingoja apige kelele, nilikuwa na majibu yangu tayari. Alichukua kikombe, akamnywesha kwa kijiko kilekile, tone kwa tone, asije akapaliwa. Baadaye ndipo akaniuliza, bila kunitazama:

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili asubuhi. Zimepita saa saba kamili."

Nilijibu haraka mno. Hesabu nilikuwa nayo, ipo hapa juu, mstari kwa mstari, kwa mwandiko mzuri.

"Umeandika," akasema. Alikuwa ameliona daftari. "Mdogo wangu, umekaa hapo ukiandika."

Nikamwambia yeye ndiye aliyeharibu, na machungwa yake, na dakika zake arobaini. Nikamwambia angekuwa anageuza mtu kila saa mbili asingekuwa na huruma ya kugawa Jumamosi. Yote ni kweli. Hakubisha hata moja. Akaendelea kunywesha.

Machi 27

Mama anafumba macho nikiingia. Nilidhani amelala. Kisha nikapima. Jirani akiingia macho wazi, Kaka, aliyerudi leo, akiingia macho wazi. Mimi, mara sita nimeingia, mara sita amefumba. Anafumba kabla hata sijatokea mlangoni, anaposikia buti zangu kwenye sakafu.

Machi 29

Mara 9 tu za kijiko, zote nikiwa nje ya chumba.

Jumanne, Aprili 1

Nilimwambia Kalamu mwenyewe. Ningeweza kuichana karatasi, sikuichana.

Sikujua kwamba binti yule anaweza kukasirika. Aliweka kalamu chini, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema maji hayakuwa sehemu ya somo, aliniambia hayaguswi, na ni wajibu wake kuandika ripoti hospitali, na ataiandika. Nikamwambia aandike. Nikamwambia pia kwamba ni sheria yake mwenyewe nimeifuata, kitu kikizuiliwa tabia inabadilika.

"Imebadilika," akasema. "Bibi hakujifunza kusema maji. Amejifunza kwamba buti zako ni kiu."

Nilikuwa na hasira naye, na Kaka, na yule mbwa wa zamani na kengele yake. Nilitafuta mahali pa kuiweka nikakuta pote pamejaa, na nafasi iliyobaki ni yangu.

Maagizo mapya. Wiki nzima niingie chumbani na kitu kizuri na nisidai chochote. Buti zibaki nje. Na Kaka aje kila siku, yeye ndiye ataendesha somo la sauti, kwa kuwa Mama anamtazama. Yaani aliyeharibu amepandishwa cheo, na mimi nimekuwa mbeba uji.

Aprili 3

Miguu mitupu, uji wa sukari. Mara sita nimeingia, tano amefumba.

Aprili 5

Tatu kwa sita.

Nimemtazama Kaka akifanya kazi, nikitafuta kosa. Anafunga saluni saa saba, anakuja huku kila siku, na mvua hii. Anakaa ukingoni mwa kitanda anapiga soga, huku amemtazama Mama mdomoni, kama anavyongoja mtoto atulie wembe ukiwa karibu na sikio. Leo ilitoka "mm", ndogo, ya puani. Mimi ningejiuliza kama ni sauti au ni pumzi. Yeye redio ilikuwa imeshalia. Nilihesabu. Hata moja haikufika.

Inaniuma kuandika hivyo.

Jumanne, Aprili 8

Ziara ya sita. Sauti nne, maneno sifuri. Kijiko mara 22. Macho mara sita kwa sita wazi, ila hanitazami mimi, anatazama bakuli. Zimebaki ziara mbili.

Alhamisi, Aprili 10

Neno la kwanza.

Kaka alikuwa kwenye soga zake. Uongo ni kazi ya kinyozi, mteja akikaa kitini hawezi kukimbia. Leo alikuwa akimsimulia Mama jinsi alivyonisaidia mimi nilipoanza maisha, kwamba mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea alininunulia yeye. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli. Mashine ile niliipata baada ya miaka mitatu ya kubeba vyuma vya watu, na Kaka wakati huo aliniambia nitaungua macho nikose mchumba. Damu ikanipanda. Nikafungua mdomo.

"Mwongo."

Si mimi niliyesema. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi.

Lilitoka kwa upande, limelegea, "mw" yake imejaa mate. Lakini lilikuwa neno, na lilikuwa la kwake, na alikuwa akimtazama Kaka kwa jicho lile la zamani. Kaka akaganda. Ikabidi mimi nikimbilie redio, bakuli likamwagika, nikaongeza sauti hadi jirani akaja kuuliza kulikoni.

Kaka alicheka hadi akalia. Baadaye akasema, sawa, ni kweli, sikumnunulia. Miaka kumi na tisa nimelingoja hilo.

Nimekaa nikatafuta katika sheria za Kalamu. Hatukuwahi kumzawadia kwa neno hilo. Hakuna aliyelifundisha.

Aprili 12

"Maji." Alimwambia Kaka. Kikombe kilikuwa pembeni yake, angeweza kukichukua mwenyewe. Alitaka aletewe.

Aprili 14

"Fungua." Dirisha. Kwa Kaka tena.

Jumanne, Aprili 15

Maneno matatu mbele ya Kalamu. Ameandika ripoti yake ya kikombe, wamempa barua ya kunionya. Nimeisoma mara mbili. Haina kosa hata moja la hesabu.

Aprili 17

"Sukari." Jirani ndiye aliyelisikia. Manne.

Aprili 19

Manne. Kwangu hajasema hata moja. Mimi ninayelala chumba cha pili na mlango wazi. Naingia mara kumi kwa siku, naweka, natoka, kama nilivyoagizwa. Kaka anasema nitulie. Kutulia ni rahisi kwa aliyeambiwa "maji".

Aprili 20

Manne.

Aprili 21

Manne. Mvua imekatika. Wateja watatu wameuliza mageti yao. Nimewaambia keshokutwa.

Jumanne, Aprili 22

Ziara ya nane. Kalamu alikuja na fomu na saa. Akaeleza kwamba leo anahesabu upya, anachosikia kwa masikio yake tu, dakika arobaini, na hakuna kumtamkia mgonjwa. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Kaka akakaa ukingoni mwa kitanda. Mimi nikasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Dirisha lilikuwa limefungwa makusudi. Dakika ya pili Mama akasema "fungua." Uji haukutiwa sukari, dakika ya saba akasema "sukari." "Maji" likaja dakika ya kumi na tatu. Kisha Kaka akaanza kusimulia kwamba aliwahi kumnyoa rais wa nchi fulani, hata sentensi hakuimaliza, "mwongo," na Kalamu mwenyewe akacheka.

Manne, dakika ya kumi na sita. Nilijua tumefika.

Halafu kimya. Dakika ya ishirini, ya ishirini na tano. Kalamu akamwonyesha picha, akamwonyesha mto, akazima redio. Mama alimtazama tu, kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku. Ya thelathini. Niliona kijiko kiko mezani, hakukigusa. Ya thelathini na nne. Kaka alikuwa amelikamata shuka kwa ngumi, na nikaona kwamba anaogopa kama mimi, na kwamba pengine aliogopa hivyo hata zile Jumamosi za machungwa, ndiyo maana hakuweza kukaa zaidi ya dakika arobaini.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia Mama kwamba kuna watu thelathini na mmoja wanangoja nafasi yake.

Dakika ya thelathini na saba Kalamu akageuza kiti, akaninyooshea kalamu.

"Bibi, huyu fundi. Unataka afanye nini?"

Mama akageuza shingo. Alinitazama mimi, usoni, si mikononi nimeleta nini. Nilijua litakalokuja. Nilijiandaa nalo. Nikasema moyoni, Mama, sema atoke. Nitatoka na nitalihesabu, neno ni neno, litakuwa la tano na nimelistahili.

Midomo ilijikusanya. Ikashindwa. Ikajikusanya tena.

"Akae," akasema.

Kaka akainuka akasogea. Sijui nilifikaje pale kitandani. Mkono wa kushoto wa Mama ulinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Kalamu aliandika kwenye fomu, akainyanyua nione. Nikamwambia hesabu ataniambia baadaye. Nilikuwa nimeshakaa.